Akiba Haiozi: Maisha ya Alessandro Volta

Mpenzi msomaji, wahenga walinena kuwa akiba haiozi. Mimi nakubaliana nao, ila naomba kuongeza jambo moja dogo: haiozi ikiwa aliyekabidhiwa kuitunza ana akili timamu. Mimi niliwahi kuiozesha akiba ya nyumba nzima kwa jagi moja la maji. Kisa hicho ndicho kilichonifanya nimtafute mtu ninayetaka kuwasimulia habari zake leo, Mwitaliano aliyeitwa Alessandro Volta, ambaye sisi sote humtaja kila siku pasipo kujua.

Kwetu ni juu ya kilima, si mbali na soko la Salama. Usiku ukisimama uani utaziona taa za malori yakipanda na kushuka barabara ya Mombasa, mstari mrefu kama siafu waliobeba mienge. Nguzo za stima zimepita huko chini barabarani lakini hazijatufikia. Kwa hivyo Mjomba, ambaye ni utingo wa lori, alipotuletea betri kuukuu ya lori pamoja na paneli ndogo ya sola, tulishangilia kama watu waliojaliwa mtoto. Mchana jua la Ukambani liliijaza betri. Jioni betri nayo ilitupa taa mbili na redio ya nyanya yangu ninayeishi naye, ambaye sisi humwita Susu. Koroboi tukaitupa uvunguni mwa kitanda. Wenzangu wa shule za kutwa mnanielewa. Sisi hatuna prepu ya bweni. Prepu yetu ni meza ya nyumbani, na meza isiyo na taa ni mbao tu.

Basi siku moja nilifungua vifuniko vya betri nikaona maji yamepungua. Mjomba alikuwa ameniusia kwamba betri hunywa maji yake maalumu, yale yanayouzwa dukani kwa jina la maji ya betri. Susu akanipa pesa za kuyanunua. Pesa hizo, sina budi kukiri, zilikwisha njiani kwa mandazi. Nikaona si neno, maji ni maji. Nikachota maji ya kisima chetu, ambayo mgeni akiyaonja hukunja uso kwa chumvi, nikaijaza betri pomoni. Baada ya siku chache taa zikaanza kufifia saa mbili usiku, kisha saa moja, kisha zikazima kabisa. Susu akasema betri ilikuwa mbovu tangu mwanzo na kwamba nduguze mama yangu wametuletea takataka. Mjomba akasikia maneno hayo, akaudhika, akakoma kuja kwetu. Na mimi? Nikakaa tuli kama maji mtungini. Koroboi ikarudi mezani.

Muhula uliofuata mwalimu wetu wa Fizikia alipofika kwenye somo la mkondo wa umeme, aliandika herufi V ubaoni, akatuuliza volti imepata wapi jina lake. Darasa zima likawa kimya. Nilikwenda kutafuta vitabuni, na huko ndiko nilikokutana na Volta.

Alessandro Volta alizaliwa tarehe 18 Februari mwaka 1745 katika mji wa Como, kaskazini mwa Italia, kando ya ziwa lenye jina hilohilo chini ya milima ya Alps. Wakati huo Italia haikuwa nchi moja kama tunavyoijua, na sehemu hizo zilikuwa chini ya utawala wa Austria. Ukoo wake ulikuwa wa heshima kubwa na mfuko mdogo. Jamaa zake wengi walikuwa makasisi. Inasimuliwa kwamba alikawia sana kusema, hata akafika umri wa miaka minne hivi watu wakiwa na wasiwasi kuwa huenda ana kasoro ya akili. Kumbe wapi! Mtoto alikuwa anaweka akiba. Alipofika umri wa miaka saba alikuwa amewapata watoto wenzake, na baadaye akawapita.

Mambo hayakumnyookea. Baba yake alifariki angali mdogo, na malezi yake yakaingia mikononi mwa ami zake. Alisoma katika shule ya Wajesuti pale Como. Walimu wake walitamani awe kasisi, nao jamaa zake walitaka asomee sheria. Yeye mwenyewe moyo wake ulikuwa kwenye radi, cheche na sumaku. Hakujiunga na chuo kikuu. Alijisomea, akajaribu mambo kwa mikono yake, na alipokuwa na umri wa miaka kumi na minane hivi alikuwa tayari akiwaandikia barua wataalamu mashuhuri wa umeme, miongoni mwao Mfaransa Nollet. Hebu fikiria, ndugu msomaji: kijana wa umri wa mwanafunzi wa kidato cha nne, hana shahada wala fedha, anawaandikia mabingwa wa Ulaya! Mwaka 1769 alichapisha kitabu chake cha kwanza kuhusu umeme, kwa lugha ya Kilatini.

Mwaka 1774 alipata kazi katika shule ya serikali pale Como. Mwaka uliofuata akajulikana kwa chombo kilichoitwa elektrofori, ambacho ukikisugua mara moja unaweza kuvuna chaji za umeme tena na tena. Mwaka 1776 alikuwa akipita kando ya Ziwa Maggiore akaona mapovu yakitoka kwenye matope. Mtu mwingine angepita zake. Volta alichukua fimbo akayakoroga matope, akayakinga mapovu kwa chupa, akaenda kuyawasha kwa cheche ya umeme. Ndivyo alivyoigundua gesi ya methani, gesi ileile ambayo siku hizi baadhi ya wakulima huitoa kwenye samadi ya ng'ombe na kuipikia chai. Mwaka 1777 aliwaza hata kuvuta waya juu ya nguzo za mbao kutoka Como hadi Milan ili cheche ipeleke ishara mbali. Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1770 aliitwa kuwa profesa wa Fizikia katika Chuo Kikuu cha Pavia. Mtu ambaye hakusoma chuo kikuu akawa mwalimu wa chuo kikuu, na kiti hicho alikikalia kwa karibu miaka arubaini.

Sasa tuje kwenye kiini cha hadithi. Katika siku hizo umeme ulikuwa kama radi: unapiga mara moja, tap, kisha umekwenda. Watu waliweza kusugua kioo au utomvu mkavu wakapata cheche, na waliweza hata kuihifadhi cheche hiyo kwenye chupa maalumu, lakini ulipoitoa ilimalizika kwa kufumba na kufumbua. Hapakuwa na umeme unaotiririka kama maji ya mfereji.

Mjini Bologna aliishi daktari na mwalimu wa elimu ya viungo vya mwili aliyeitwa Luigi Galvani. Bwana huyu alikuwa akipasua vyura. Aliona kwamba mguu wa chura aliyekufa ukiguswa kwa metali za aina mbili zilizounganishwa, mguu hurukaruka kana kwamba chura amefufuka. Mwaka 1791 alitangaza kwamba ndani ya mwili wa mnyama mna umeme wake wa asili, na kwamba metali zinautoa nje tu. Ulaya nzima ikapagawa. Inaaminika vyura wengi sana waliuawa miaka hiyo!

Volta alisoma habari hizo, akamsifu Galvani, akarudia majaribio yake. Kisha shaka ikamwingia. Mbona metali zikiwa za aina moja mguu hautikisiki sana, na zikiwa za aina mbili unaruka? Akaweka kipande cha bati na kipande cha fedha ulimini mwake, akaviunganisha, akasikia ladha ya uchachu. Hapakuwa na chura hapo. Akaanza kuamini kwamba umeme ulitoka kwenye metali, naye chura alikuwa shahidi tu. Ubishi ukawaka kati ya kambi mbili za wataalamu, lakini Volta hakumgeuza Galvani kuwa adui. Aliendelea kumheshimu, na alilipa jina la mwenzake nafasi yake. Galvani alifariki mwaka 1798 akiwa maskini, baada ya kufukuzwa kazi kwa kukataa kula kiapo cha serikali mpya iliyowekwa na Wafaransa. Na mkitaka kujua kama amesahauliwa, tazameni juu ya madarasa yetu. Mabati yaliyopakwa zinki, Waingereza huyaita kwa neno lililotokana na jina la Galvani.

Mwaka 1799 Waaustria waliirudisha nchi mikononi mwao, Chuo cha Pavia kikafungwa, na Volta akajikuta hana kazi. Wengi wetu tungekaa kibarazani tukilaumu serikali. Yeye alirudi Como na visahani vyake vya metali. Alichukua kisahani cha fedha, akaweka juu yake kisahani cha zinki, kisha kipande cha kadibodi kilicholoweshwa maji ya chumvi. Akarudia: fedha, zinki, kadibodi, fedha, zinki, kadibodi, mpaka akapata mnara mdogo wa tabaka ishirini, thelathini, hata sitini. Alipogusa juu na chini ya mnara kwa vidole vilivyolowa, umeme ulimpiga. Akaachilia, akagusa tena. Ukampiga tena! Na tena! Haukuisha kwa cheche moja. Ulitiririka. Alijaribu hata kuupitisha masikioni mwake akasikia mlio kama wa kitu kinachotokota. Wenzangu, hilo la masikio msilijaribu.

Tarehe 20 Machi mwaka 1800 alimwandikia barua Sir Joseph Banks, rais wa Jumuiya ya Kifalme ya London, kumweleza jambo hilo. Barua iliandikwa kwa Kifaransa na haikufika yote kwa pamoja, maana vita vilikuwa vimetanda Ulaya. Hata kabla sehemu ya pili haijafika, Waingereza wawili, Nicholson na Carlisle, walikuwa wamejijengea mnara wao, wakapitisha umeme kwenye maji, wakayatenganisha kuwa hidrojeni na oksijeni. Mwaka 1807 Humphry Davy alitumia minara mikubwa ya namna hiyo kupata potasiamu na sodiamu kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo hata jedwali la elementi tunalokaririshwa katika Kemia lina deni kwa mnara wa Volta.

Novemba mwaka 1801 Volta alionyesha kifaa chake mjini Paris mbele ya wataalamu, na Napoleon mwenyewe akiwa ameketi hapo akitazama. Alipewa nishani ya dhahabu, akapewa pensheni, na mwaka 1810 akatunukiwa cheo cha ukabaila. Alipotaka kustaafu, Napoleon hakutaka kumwachilia. Lakini cheo hakizuii msiba. Volta alikuwa ameoa mwaka 1794, naye na mkewe Teresa walijaliwa wavulana watatu. Mwaka 1814 mwana wao Flaminio aliaga dunia angali kijana, na pigo hilo lilimwumiza baba mtu kuliko lolote. Mwaka 1819 aliachana na kazi, akarudi kijijini Camnago, karibu na Como. Alifariki tarehe 5 Machi mwaka 1827, akiwa na umri wa miaka 82.

Mwaka 1881 wataalamu wa umeme walikutana Paris wakakubaliana kwamba nguvu inayosukuma umeme ipimwe kwa kipimo kiitwacho volti. Mwaka 1899 watu wa Como walifanya maonyesho makubwa kuadhimisha miaka mia moja ya mnara wake, lakini moto ukazuka na vyombo vyake vingi vikateketea. Jina ndilo lililobaki. Limeandikwa kwenye kila betri ya tochi na kila chaja ya simu.

Kuna jambo moja kuhusu Volta ambalo linanifurahisha kuliko yote: hakukijua vizuri chombo chake mwenyewe. Yeye alidhani umeme unatokana na metali mbili kugusana tu, na kwamba ungeweza kutiririka bila kikomo. Waliomfuata waligundua kuwa zinki huliwa polepole na kemikali, na ikiisha, umeme nao umeisha. Galvani pia hakukosea kila kitu, kwa sababu ni kweli kwamba mishipa ya fahamu ya viumbe hutumia umeme. Kila mmoja alishika sehemu ya ukweli. Vilevile mnara wa Volta ulikuwa na upungufu: ukishaisha, umekwisha, huwezi kuujaza tena. Ilibidi dunia imngoje Mfaransa Gaston Planté, ambaye mwaka 1859 alitumbukiza mabamba ya risasi ndani ya asidi akapata betri inayoweza kujazwa umeme upya. Betri ya lori la Mjomba ni kitukuu cha ile ya Planté. Betri za lithiamu za kwenye simu zilianza kuuzwa mwaka 1991, na watatu waliozifanyia kazi, yaani Goodenough, Whittingham na Yoshino, wakapewa Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2019.

Huenda sasa unajiuliza, haya yote yanatuhusu nini sisi watu wa Makueni? Yanatuhusu sana. Wewe uliyezaliwa huku unajua kwamba tatizo letu si kukosa mvua kabisa. Mvua ya Novemba hunyesha ikaijaza mito mpaka watu wakashindwa kuvuka. Baada ya wiki chache mto ni mchanga mtupu. Ndiyo maana wazee wetu na akina mama wa mwethya hujenga mabwawa ya mchanga: ukuta unazuia mto, mchanga unajaa nyuma yake, na maji yanajificha ndani ya mchanga huo. Mwezi wa Agosti, jua likiwa kali, unachimba unakuta maji ya Novemba.

Umeme nao ni mvua. Stima inayopita kwenye nyaya haikai kusubiri mtu. Kiasi kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumiwa wakati huohuo. Nchi yetu inastahili pongezi, kwa maana sehemu kubwa mno ya umeme wake hutokana na mvuke wa Olkaria, maji, upepo na jua. Kule Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, kuna mitambo 365 ya upepo yenye uwezo wa megawati 310, na nyaya zake husafiri zaidi ya kilomita 400 hadi Suswa. Kule Garissa kuna uwanja mkubwa wa paneli za jua. Lakini Wakenya hutumia stima nyingi zaidi kati ya saa moja na saa tatu usiku, wakati watu wamerudi nyumbani, wamewasha taa na televisheni. Saa hizo jua la Garissa limeshalala. Upepo wa Turkana nao huvuma kwa nguvu usiku wa manane, wakati sisi tumelala fofofo. Hivyo usiku mitambo mingine huambiwa ipunguze kazi, na mvuke wa ardhini huachwa uende hewani, ilhali jioni iliyotangulia stima haikutosha. Si ni kama kumwaga maji Novemba na kulia kiu Agosti?

Dawa yake ni mnara wa Volta uliokuzwa ukawa mkubwa kama ghala. Betri kubwa zinapangwa kwenye makasha kama yale ya mizigo yanayopita hapa Salama kila siku. Hujazwa wakati stima ni nyingi, hutoa wakati stima ni haba. Mwaka 2017, kule Hornsdale, Australia ya Kusini, walijenga betri ya megawati 100 kando ya mitambo ya upepo, yenye akiba ya saa megawati 129. Maana yake ingeweza kutoa megawati 100 kwa zaidi ya saa nzima. Hata huku Afrika jambo hilo limeanza. Golomoti, nchini Malawi, tangu mwaka 2022 kuna uwanja wa jua wa megawati 20 wenye betri ya megawati 5 pembeni, inayoweza kutoa umeme wake kwa saa mbili. Hapa kwetu kampuni ya KenGen nayo imetangaza mipango ya kuweka betri kubwa.

Kazi ya pili ya betri hizi wengi hawaijui. Fikiria wanaume kumi wamebeba gogo. Mmoja akiteleza ghafla, tisa wanalemewa. Wa pili akianguka, wanane wanalemewa zaidi, na mwishowe gogo liko chini. Ndivyo gridi ya taifa inavyoanguka mtambo mkubwa ukizimika ghafla. Mnakumbuka Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima? Mimi nilikuwa kidato cha kwanza. Nilisimama uani nikaona soko la Salama limemezwa na giza, zimebaki taa za malori tu. Nyumba yetu ilikuwa na mwanga, kwa sababu betri ya Mjomba ilikuwa ingali nzima. Susu alicheka akasema leo matajiri wamekuja kuomba moto kwetu. Betri kubwa ya gridi humrukia aliyeteleza kabla gogo halijayumba, tena kwa muda usiofika sekunde moja. Mtambo mwingine huhitaji muda mrefu zaidi kuliko huo ili kuongeza nguvu.

Nisiwadanganye lakini kwamba betri ni malaika. Ni ghali. Nyingi hutunza umeme wa saa chache. Haziwezi kuweka upepo wa Julai mpaka Desemba. Pia betri ikizeeka, isipotupwa kwa uangalifu, ni sumu. Mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, ulipata msiba kwa sababu ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi. Watoto kwa wazazi walidhurika, mpaka mwanamke jasiri aitwaye Phyllis Omido akasimama kidete, kiwanda kikafungwa mwaka 2014, naye mwaka 2015 akatunukiwa Tuzo ya Goldman. Akiba nzuri hulindwa mwanzo na mwisho wake.

Basi nikarudi kwenye akiba yangu niliyoiozesha. Baada ya kusoma haya yote nilimwomba mwalimu ruhusa, tukiwa wanafunzi watatu, tujenge mnara wa Volta maabarani. Shaba tuliipata kwa kugongagonga vipande vya waya nene mpaka vikawa bapa. Zinki tuliipata kwenye maganda ya betri za tochi zilizokwisha. Kadibodi tulikata kwenye boksi la chaki. Maji ya chumvi hayakuhitaji kutengenezwa, mimi niliyabeba kutoka kisimani kwetu. Tulipofika tabaka la sita, kijitaa chekundu tulichong'oa kwenye redio mbovu kikawaka. Kilikuwa chembamba kama jicho la panya, lakini kiliwaka.

Jioni ile niliubeba mnara nyumbani nikauweka mezani mbele ya Susu. Kijitaa kilipowaka alipiga makofi akauliza umeme umetoka wapi. Nikamwambia umetoka kwenye maji ya kisima chetu na metali mbili. Hapo nikahisi koo limekauka. Nikamwambia pia kwamba maji hayohayo ndiyo yaliyoiua betri ya Mjomba, na kwamba mtu aliyeyatia ni mimi, na pesa za maji ya betri nilikula mandazi.

Susu alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza inawezekanaje maji yaleyale yawashe hii na yaue ile. Nikamweleza nilivyojifunza: mnara wa Volta unahitaji chumvi ili umeme upite, lakini betri ya Planté inataka asidi yake na maji safi matupu, na chumvi huyala mabamba yake ya risasi. Akatikisa kichwa. Akasema amenielewa, lakini deni lile si lake kulisamehe. Yeye mwenyewe alikuwa amemtukana mtu bure, na mimi ndiye niliyemwacha atukane. Akaniamuru niende kwa Mjomba.

Jumamosi nilishuka sokoni, mahali malori yanapopumzika, nikamngoja toka asubuhi. Lori lao lilipofika nikamweleza kila kitu nikiwa nimeinamisha kichwa. Alinitazama, akauliza mandazi yalikuwa mangapi. Nikamjibu manne. Akasema hayo ndiyo mandazi ghali zaidi katika kaunti ya Makueni. Jumapili alikuja kwetu kula chakula cha jioni, na Susu alimchinjia kuku bila kusema neno lolote kuhusu betri.

Wanachama wenzangu, betri nyingine bado hatujapata, na haya ninayaandika kwa mwanga wa koroboi. Lakini nimejifunza kwa Volta kwamba mtu akikosea, meza ya majaribio ndiyo inayomwumbua, na akikubali, kosa lenyewe linamfundisha. Upepo tunao, jua tunalo mpaka linatuchoma. Kilichobaki ni sisi kujifunza kuweka akiba. Huenda anayejenga ghala la kuhifadhi upepo wa Turkana ameketi kwenye dawati moja hapa shuleni. Kama ni wewe, ndugu yangu, tafadhali nunua maji ya betri kwanza, mandazi baadaye.

Wasalaam.